Mwaka wa Jembe: Historia ya Kilimo na Furaha Zake katika Uwanda wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki ukingo wa Lyamba lya Mfipa unashuka ghafla kwenye bonde lenye joto la Ziwa Rukwa. Juu hapo, sehemu kubwa ya nchi iko zaidi ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi, iliyo jirani na mji wa Sumbawanga, inapita meta 2,000. Mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba, huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha hufuata miezi mingi isiyo na hata manyunyu. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali na upepo, Septemba na Oktoba ni ya vumbi na moshi wa nyasi zinazoungua. Mkulima wa pwani au wa mwambao wa Ziwa Viktoria, aliyezoea mvua za vuli na za masika, akikosa msimu mmoja hungoja mwingine. Wa Ufipa hana msimu wa pili wa kungojea, na kwa sababu hiyo kila mwezi wa mwaka wake umekuwa na kazi yake, hofu yake na raha yake.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba uwanda huu kwa sehemu kubwa ni wa nyasi. Majirani wa kusini, Wabemba wa Zambia, walikuwa na misitu ya miombo. Walikata matawi, wakayarundika, wakayachoma, na kupanda ulezi kwenye majivu, kilimo kinachojulikana huko kwa jina la chitemene. Mfipa hakuwa na miti ya kutosha kwa kazi hiyo. Alichokuwa nacho ni nyasi ndefu na udongo uliochoka upesi, na kwa hivyo viwili alibuni kilimo cha matuta ya mviringo, ambacho wataalamu wa udongo wamekihesabu miongoni mwa mbinu bora za asili za kurutubisha ardhi Afrika. Wamambwe, wanaoishi kusini mwa uwanda na ng'ambo ya mpaka, wana kilimo cha namna hiyohiyo. Nchini Tanzania mbinu yenye sifa ya kulingana nayo ni ngoro, yale mashimo ya Wamatengo wa Mbinga, ingawa ngoro ilibuniwa kwa ajili ya miteremko mikali, na tuta la Kifipa hufaa hata mahali palipo tambarare.

Kazi ya tuta huanza wakati ambao mkulima wa mahali pengine anapalilia tu. Kati ya Januari na Machi, ardhi ikiwa imelowa na nyasi zikiwa bado mbichi, huchaguliwa sehemu iliyopumzishwa kwa miaka kadhaa. Nyasi hulazwa na kukusanywa kwa mviringo, kisha udongo hukatwa kwa jembe pamoja na mizizi yake na kugeuzwa juu chini, ukifunika nyasi hadi tuta lifikie magotini au kiunoni. Hakuna kinachochomwa. Ndani ya tuta nyasi huoza taratibu, na juu yake hupandwa maharagwe, ambayo hupata unyevu wa mvua za mwisho na kuvunwa kuanzia Mei. Pembeni huweza kuwekwa maboga. Tuta hubaki hivyo kiangazi chote. Mvua za Novemba zinaporudi, hubomolewa na kusambazwa, na ulezi hurushwa kwa mkono juu ya udongo uliotandazwa.

Siku ya kubomoa tuta inastahili kutajwa peke yake. Udongo wa juu wa uwanda mara nyingi ni mwekundu au wa kijivu, tena mwepesi. Ule unaotoka ndani ya tuta lililokaa miezi minane au kumi ni mweusi, unanata, na una harufu nzito ya kitu kilichoiva. Mkulima anauona kwa macho yake udongo alioutengeneza mwenyewe. Katika kilimo kingi malipo ya jasho ni mazao, na udongo ni kitu kilichokuwapo tangu mwanzo. Katika kilimo cha matuta malipo ya kwanza ni udongo wenyewe, na huja kabla mbegu ya ulezi haijagusa ardhi. Si ajabu basi kwamba shamba la zamani lililotengenezwa vizuri lilikuwa jambo la fahari kwa mwenyewe, hata mwaka ambao ulezi haukufanya vizuri.

Matuta ni kazi nzito mno kwa mtu mmoja. Ukoo mdogo ungeweza kuinua machache kwa siku, na msimu wa udongo laini ni mfupi. Ndiyo maana kazi hii ilifanywa kwa kualikana. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi siku kadhaa kabla, akawatangazia majirani, nao wakaja na majembe yao tangu alfajiri, wanaume kwa wanawake. Walilima kwa safu, kwa nyimbo, na kwa kushindana kusikotajwa waziwazi. Mchana au alasiri walikaa kunywa. Wachumi wa kikoloni waliokuja baadaye waliiona pombe hiyo kama mshahara wa ajabu usiohesabika, lakini walikosea mahali pa kuangalia. Aliyelewa leo shambani kwa mwenzake alidaiwa jasho, wala hakudaiwa pombe: juma lijalo ilikuwa zamu yake kuitwa tena au kuita. Mtu asiyeitikia mialiko alibaki na shamba dogo, na zaidi ya hapo alibaki peke yake katika miezi ambayo kijiji kizima kilikuwa nje kikicheka.

Kwa watoto, mwanzo wa mvua ulikuwa na neema nyingine. Kumbikumbi hutoka ardhini jioni baada ya mvua za kwanza, wakakusanywa kwa vyungu na ungo, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Uyoga hufuata. Majani ya maboga na kunde huja baada ya wiki chache. Katika kilimo chochote kinachotegemea mvua za msimu mmoja kama huu, miezi hiyo ya Desemba na Januari ni miezi ya njaa, maana ghala limepungua na shamba halijatoa kitu. Huko Ufipa ilikuwa vilevile, lakini ilikuwa njaa iliyochanganyika na mboga mbichi.

Kisha huja palizi, na hapa furaha haipo kwa wingi. Ulezi uliorushwa huota bila mistari, na miongoni mwa magugu yake yamo majani ya jamii yake mwenyewe yanayofanana nao kiasi cha kumdanganya mtu asiye na uzoefu. Huwezi kupalilia kwa jembe. Ni kazi ya vidole, ya kuinama, na kwa desturi iliwaangukia zaidi wanawake na watoto wakubwa. Mtoto alijifunza kulitambua gugu kwa rangi ya shina na ubapa wake, akikosea mara nyingi na kung'oa chakula. Waandishi wanaopenda kusifu maisha ya shamba huipita haraka sura hii, lakini kumbukumbu za kilimo katika uwanda zimejaa mgongo unaouma.

Mavuno ya ulezi huja Juni na Julai, katika baridi. Masuke hukatwa moja moja kwa kisu kidogo, hukaushwa, hupurwa kwa fimbo, hupepetwa katika upepo ambao majira hayo haukosekani. Baada ya hapo nafaka huingia katika vihenge. Ulezi una sifa moja iliyotawala maisha ya Wafipa kuliko ladha yake: punje zake ni ndogo na ngumu, wadudu wa ghalani hawazipendi, na zikihifadhiwa pakavu hukaa miaka mingi bila kuharibika. Kaya yenye vihenge viwili vilivyojaa ilikuwa inakula mavuno ya mwaka juzi huku ikitazama ya mwaka huu. Utulivu wa namna hiyo hauonekani katika takwimu za tani kwa hekta, lakini ndio uliowawezesha watu kukaa katika vijiji vikubwa vyenye watu wengi mahali pamoja, wakati majirani wengi walikuwa wakihama kufuata msitu mpya.

Kiangazi kilikuwa cha chuma. Ufipa ulikuwa moja ya vituo vikubwa vya kuyeyusha chuma katika eneo lote la kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Tanuru la Kifipa, ilungu, lilijengwa kwa udongo hadi kufikia karibu meta tatu, na lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kupuliza viriba. Chuma kilichotoka hapo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, kisha mhunzi akakifua. Magofu ya matanuru hayo bado yamesimama mahali pengi katika wilaya za Nkasi, Sumbawanga na Kalambo, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ni miongoni mwa walioyachunguza kwa kina. Kwa imani ya wenyewe, tanuru lilikuwa bibi harusi: lilipambwa na kuimbiwa, na bingwa wa kuyeyusha alibeba kapu la dawa liitwalo intangala. Kilichozaliwa na ndoa hiyo, zaidi ya kitu kingine chochote, kilikuwa jembe. Hivyo mwaka ulijifunga: miezi isiyo na mvua ilitengeneza zana ya miezi ya mvua, na watu walewale walioimba wakiinua matuta mwezi Februari waliimba mbele ya tanuru kiangazi.

Hata utawala wa Ufipa ulisimama juu ya uhusiano huu na ardhi. Masimulizi yanamtaja Ntatakwa wa Milansi, kijiji kilicho chini ya mlima Itweelele, kuwa mfalme wa kwanza, na yanasema wanawake wageni wa ukoo wa Twa walimnyang'anya kiti chake alipokuwa mawindoni. Ukoo wa Twa ndio uliozaa falme mbili za karne ya 19, Nkansi na Lyangalile. Milansi, hata hivyo, haikufutwa: mkuu wake alibaki na heshima ya kidini kama mwenye ardhi wa asili. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika juu ya historia hiyo kwa miaka mingi, aliona kwamba Wafipa walijipima utu wao kwa kazi, kwa ukarimu na kwa maneno ya busara, na kuchukia ugomvi. Wasomi wengine wamesema alipaka rangi nzuri mno. Inawezekana, lakini hakuwa wa kwanza kuona hivyo. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880 akitoka Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba hakuwahi kukutana na watu waliojitoa kwa kilimo kikamilifu kama hao.

Amani hiyo haikuwa ya kudumu. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika, wakaishi kwa mavuno ya wenyeji, na kiongozi wao akafia huko kabla ya watu wake kugawanyika. Mwishoni mwa karne hiyo wavamizi na wafanyabiashara wa watumwa walipita upande wa Bonde la Rukwa. Ng'ombe waliangamia kwa sotoka katika miaka ya 1890, kama ilivyokuwa karibu Afrika Mashariki yote. Jamii yenye vihenge vya miaka mitatu ina kitu cha kupoteza, na hofu ya kunyang'anywa ulezi ni sehemu ya historia ya hisia za mkulima kama ilivyo furaha ya kuuvuna.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walichukua kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka hapo wakapanda uwandani. Misheni za Ufipa, kama Kate, Mwazye, Chala na Kaengesa, zilikuja na aina nyingine ya shamba: bustani yenye uzio, yenye kabichi, vitunguu, viazi na miti ya matunda, iliyomwagiliwa wakati wa kiangazi. Baridi ya uwanda iliyapenda mazao hayo kuliko joto la pwani lilivyoyapenda. Wanafunzi wa shule za misheni walilima bustani hizo, mara nyingi kwa amri kuliko kwa hiari, na walirudi nyumbani na mbegu mifukoni. Ngano nayo ilipata makao katika uwanda. Wajerumani walitawala kutoka boma la Bismarckburg, leo Kasanga, na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalianza kuwashinda wahunzi bei. Kufikia katikati ya karne ya 20 matanuru yalikuwa yamezimika, na kiangazi kikabaki na nafasi tupu.

Chini ya Waingereza hofu kubwa ilitoka bondeni. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia machache ya nzige wekundu barani, pamoja na mabwawa ya Mweru wa Ntipa kule Zambia, na kati ya 1930 na 1944 makundi yao yalitapakaa sehemu kubwa ya mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Mwaka 1949 lilianzishwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, kilometa chache tu kutoka mpakani. Kwa watu wa uwandani, kutazama anga la upande wa Rukwa lilikuwa jambo la kila msimu, na mwaka usio na nzige ulishukuriwa.

Badiliko lililogusa zaidi moyo wa kilimo cha Ufipa lilikuja baada ya uhuru, nalo halikuletwa na adui. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo serikali ilianzisha mradi wa taifa wa mahindi, ikagawa mbegu bora na mbolea ya viwandani kwa bei nafuu, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, aliye mbali kuliko karibu wote na Dar es Salaam, alilipwa sawa na wa Morogoro. Mahindi yalipanda uwandani kwa kasi. Katika miaka michache Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne iliyolisha taifa, na maksai wa plau walianza kufanya kwa asubuhi moja kazi ambayo zamani ilihitaji kijiji kizima na mtungi wa pombe.

Faida ilikuwa ya kweli: ada za shule, mabati, baiskeli, magunia yaliyojaa. Lakini kalenda ya furaha ilihama. Mahindi hayana siku ya kubomoa tuta, kwa kuwa rutuba yake hununuliwa dukani, ya kupandia kwanza na ya kukuzia baadaye. Hayana utulivu wa kihenge cha miaka mitatu pia, hasa tangu dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimbatiza jina Scania, alipoonekana upande wa Tabora kuelekea miaka ya 1980 na kusambaa nchini. Mahindi huuzwa mapema au huliwa na mdudu. Kwa hiyo shangwe yote ya mwaka, pamoja na wasiwasi wake wote, ilikusanywa katika wiki chache za mauzo. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bei moja ya taifa ikiwa imeshaachwa, wiki hizo zikawa za uchungu kwa wengi. Ruzuku ilirudi kwa vocha mwaka 2008, barabara ya lami kutoka Tunduma ikakamilika katika muongo uliofuata, na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga yamekuwa mahali ambapo msimu wa mkulima huhukumiwa. Foleni ya malori mbele ya ghala ni sherehe ya aina yake, ingawa hakuna anayeimba.

Pale ambapo mahindi yaliacha pengo, vitu vingine vimejaza. Alizeti imeenea sana, na mwezi Machi na Aprili mashamba ya kandokando ya barabara ya Laela na Mpui huwa ya manjano kwa umbali mrefu. Zao hilo hupandwa kwa ajili ya mafuta, lakini mtu hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba rangi hiyo inafurahisha. Muhimu zaidi ni bustani za kiangazi. Kwenye mabonde yenye vijito, na pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, watu hulima kabichi, vitunguu, nyanya, chainizi, figiri na viazi kuanzia Mei, mvua zinapokatika, hadi Oktoba. Maji huchotwa kwa ndoo, kwa keni, au siku hizi kwa pampu ndogo. Vipande ni vidogo, na wenye vipande hivyo ni watu wa kila namna: walimu, wastaafu, mama wa sokoni, vijana waliokosa kazi.

Bustani hizo zinarithi mambo mawili kwa wakati mmoja. Mazao na umwagiliaji ni vya misheni. Namna ya kuutendea udongo ni ya zamani zaidi: majani na mabua hufukiwa, samadi hulazwa, na mwenye bustani huweza kukuonyesha udongo wake kwa kuufikicha kiganjani kabla hajakuonyesha kabichi. Zaidi ya yote zimeirudishia kazi ile miezi ya baridi na upepo ambayo tangu matanuru yalipozimika ilikuwa ya kungoja tu. Julai, wakati shamba la mahindi ni mabua yaliyokauka na mwenyewe anasubiri bei, bustani ya bondeni inahitaji maji asubuhi na jioni, na inatoa kitu kila wiki. Kwa mstaafu aliyezoea mwaka wenye ratiba hilo si jambo dogo, na mapato yake, ingawa yanasaidia, hayatoshi kueleza kwa nini anaamka alfajiri katika baridi ya Mbizi.

Matuta ya mviringo yenyewe hayajatoweka. Bado huinuliwa, hasa kwa maharagwe na kwenye ardhi iliyopumzishwa, na kaya zisizo na fedha ya mbolea huyategemea zaidi kila bei inapopanda. Ulezi umebaki pia, kwa kiasi kidogo, kwa uji wa watoto, kwa pombe, na kwa soko la mjini ambako gunia lake mara nyingi lina bei nzuri kuliko la mahindi. Kualikana kwa pombe kumepungua sana. Sehemu nyingi vibarua hulipwa kwa eneo walilolima, na mahali pengine vikundi vya akina mama au vya jumuiya ndogondogo za kanisa hulimiana kwa zamu, wakila pamoja uji au chai badala ya pombe.